Duka la Misumari, Jumamosi

Nimefungua saa moja kamili, kama baba,
kama babu aliyeandika KARIBUNI kwa Kicheki
kwenye kibao ambacho sijakitoa.
Theluji ya Machi imegeuka tope. Ndivyo Nebraska ilivyo.
Bendera ya mlangoni imelowa, imejikunja
kama shati la mtu aliyetoka shambani.

Wa kwanza ni Verlyn Stodola. Hanunui kitu.
Hunywa kahawa yangu, huilaumu kwa uchungu wake,
kisha hujaza tena kikombe.
Anauliza: umemwona jana yule mcheza sinema
akilia kwenye televisheni?
Nimemwona. Mara ya tatu anaomba radhi mwaka huu,
na kila mara chozi huanzia jicho la kushoto,
upande wa kamera.

Mke wangu Lorene alinikosea mara moja, kosa kubwa.
Aliniomba msamaha jikoni, mikono ina unga,
taa imezimwa. Sikuuona uso wake.
Hadi leo najua ulivyokuwa.

Wanasema mimi ni mtu wa jana.
Kweli. Jana ndiko walikochimba kisima ninachokinywea.
Sisemi kila cha kale dhahabu:
baba alikuwa na mkono mwepesi, mtaa mzima ulijua,
ukanyamaza, na ukimya ule nao uliitwa mila.
Ila anayekuja kununua nyundo ya kubomolea ukuta
namwuliza: ukuta gani, na juu yake kuna nini?
Wengine hununa.
Wengine hurudi nyumbani kupima.

Saa nne akafika mgombea. Wa chama chetu,
niliyempigia kura mara mbili.
Magari matatu meusi, vijana wa nywele za mafuta,
mwanamke mwenye brashi ya poda.
Wakahamisha makopo ya rangi ili mwanga upite.
Wakampa nyundo. Akaishika karibu na kichwa
kama aliyekabidhiwa kuku wa jirani.
Akasema "watu halisi," akasema "mikono yenye sugu,"
akaniuliza jina, nikamwambia Delmar,
akaniita Dennis.
Walirudia mara nne mpaka kicheko chake kikaiva.
Hakununua hata msumari.

Verlyn akasema: ni yule yule.
Nani?
Yule wa machozi. Kabadili suti tu.

Nilitaka kubisha. Sikupata pa kuanzia.
Sijageuka: kodi bado inanikaba,
na wanaotutungia sheria za mashamba
hawajui bei ya gunia la mbegu.
Nitapiga kura. Huenda nikampigia huyo huyo,
maana mwenzake hata njia ya kuja huku haijui.
Lakini kibao chake nitaking'oa uani leo jioni.
Lorene alipanda tulipu pale,
na zimeanza kuusukuma udongo.

Karibu na kufunga akaingia mtoto wa kina Kessler,
wale wa nyumba za magurudumu kule nyuma ya ghala la nafaka.
Visikizio masikioni. Bawaba moja, ya mlango wa bibi yake.
Amepungukiwa senti arobaini.
Nikafungua daftari la baba.
Akacheka: bado unaandika?
Andika wewe, nikamwambia.
Akavua kisikizio kimoja, kisha cha pili,
akaandika jina lake lote, polepole,
ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo.

Ukurasa wa kushoto kuna deni la mwaka sabini na nane,
futi sita za mnyororo, mtu aitwaye Ostrander.
Hakurudi. Baba hakumfuta.
Mimi pia sijamfuta.

Nimezima taa. Nimeacha daftari wazi,
kalamu juu yake,
na mlango sijaufunga kwa komeo bado.